Kubadili aina ya risasi kwenye raifo: kusafisha mtutu, kuutuliza na kuseti darubini upya

Raifo iliyozoea kuweka risasi tatu ndani ya duara la sentimita 3 kwa mita 100 inaweza, siku unapofungua boksi la aina nyingine, kuzitawanya kwenye duara la sentimita 8 au 10, ilhali hakuna skrubu iliyolegea wala darubini iliyogongwa. Mwenye bunduki huanza kuzungusha vitufe vya darubini, na baada ya risasi kumi hajui tena alianzia wapi. Mwingine huamua kwamba risasi mpya ni mbovu, akazirudisha kabatini. Mara nyingi kosa haliko kwenye darubini wala kwenye boksi. Risasi za zamani zimeacha ngozi yao ndani ya mtutu, na zile mpya zinapita juu ya ngozi isiyo yao.

Kabla ya kuihukumu risasi mpya, basi, uvue mtutu ngozi ya zamani, uupe nafasi ya kuvaa mpya, ndipo upime. Kwa anayeishi Dar es Salaam kuna la ziada: hewa ya bahari haisubiri. Uchafu ambao Dodoma ungekaa wiki mbili bila madhara, hapa Kigamboni au Mbezi Beach unaanza kula chuma ndani ya siku chache.

Yote haya ni kwa mwenye leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayepiga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, kwa risasi za kaliba (upana wa mtutu na aina ya ganda, kama .22, .308 au .375) iliyoandikwa kwenye leseni yake na kugongwa kwenye mtutu wake. Kaliba zenye majina yanayofanana si kaliba moja. Soma maandishi ya mtutu na ya kitako cha ganda kila unapobadili boksi, hata kama muuzaji amekuhakikishia.

Nini hubaki ndani ya mtutu

Kila risasi inayopita huacha vitu viwili kwa kiasi tofauti. Cha kwanza ni masizi ya baruti na ya kiwashio, ile kofia ndogo ya kitako cha ganda inayowasha baruti. Hujikusanya zaidi kwenye koo la mtutu, yaani pale mbele ya chemba (chumba linamokaa ganda) ambapo michirizi inayoizungusha risasi inaanza, na yakipigwa na joto mara nyingi huwa magumu kama ukoko wa sufuria. Cha pili ni madini ya kichwa cha risasi chenyewe, yaani kile kipande kinachoruka. Kichwa kilichovikwa gamba huacha utando wa shaba, ambao mara nyingi huonekana zaidi kuelekea mdomo, kwa kuwa hapo risasi imeshashika kasi. Kichwa cha .22 kisicho na gamba huacha madini ya risasi pamoja na nta au grisi iliyopakwa na kiwanda.

Magamba mengi ya leo ni aloi ya shaba kama asilimia 95 na zinki asilimia 5. Huacha utando, lakini utando mwembamba unaotulia: baada ya risasi kadhaa mtutu hufika hali ambayo kinacholetwa na kila risasi kinakaribia kulingana na kinachochukuliwa na inayofuata. Hapo ndipo raifo hulenga vizuri. Vichwa vya shaba tupu visivyo na kiini cha madini ya risasi vina tabia nyingine. Shaba tupu hunata zaidi, na kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu, hivyo eneo linalosuguana na mtutu ni kubwa. Kampuni ya Barnes ilipoleta vichwa vyake vya X mwaka 1989, malalamiko makubwa yalikuwa utando wa shaba. Toleo la TSX la mwaka 2003 lilichongwa mifereji kuzunguka kiwiliwili ili kupunguza msuguano, na hali ilikuwa nafuu sana. Hata hivyo, ukipiga shaba tupu juu ya utando wa gamba la zamani, uchafu huongezeka kwa kasi na makundi ya matundu kwenye karatasi hupanuka baada ya risasi chache tu. Ndiyo sababu kwa vichwa hivi inasisitizwa kuanza na mtutu uliosafishwa hadi chuma.

Vichwa vilivyopakwa molibdeni, ule unga wa kijivu-cheusi unaoteleza, navyo huubadili mtutu. Hupunguza msuguano, presha hushuka kidogo, na kasi nayo hushuka. Ukirudi kwenye vichwa vya kawaida bila kuondoa unga huo, risasi za kwanza zitatua huku na huko mpaka unga uishe. Kisha kuna risasi za bei nafuu za 7.62×39 zenye gamba la chuma laini lililopakwa shaba juu. Zinapiga, lakini husugua michirizi zaidi kuliko gamba la shaba, na usahihi unaopotea kwa kulika hauwezi kurudishwa na dawa yoyote.

Baruti nayo ina mchango. Baruti ya punje za mviringo kwa kawaida huacha mabaki mengi kuliko ile ya vijiti. Kuna baruti zilizotengenezwa kupunguza utando wa shaba, kama CFE 223 ya kampuni ya Hodgdon, iliyotoka mwaka 2012. Wazo lenyewe ni la zamani: zaidi ya miaka mia moja iliyopita Wafaransa walikuwa wakichanganya bati ndani ya baruti za mizinga kwa kazi hiyohiyo. Mnunuzi wa boksi la kiwandani haoni baruti iliyomo. Kwa hiyo hata risasi mbili zenye kichwa cha aina moja, kutoka viwanda viwili, zihesabu kuwa aina mbili.

Kuhama si kutawanyika

Tenganisha mambo haya mawili, maana dawa zake ni tofauti kabisa.

Ukibadili uzito wa kichwa, mahali pa kutua hubadilika hata kama mtutu unang'aa. Kichwa cha .308 cha greni 150 (gramu 9.7) hutoka kwa takriban mita 860 kwa sekunde, cha greni 180 (gramu 11.7) hutoka kwa takriban mita 800. Kwenye .375 H&H, greni 270 (gramu 17.5) huenda kama mita 820 na greni 300 (gramu 19.4) kama mita 770. Mtutu hutetema kama ufito wakati risasi ingali ndani, na kichwa cha kasi tofauti hutoka mtetemo ukiwa mahali tofauti. Matokeo yake kundi linaweza kushuka, kupanda, na mara nyingi kwenda pembeni pia. Hakuna jedwali litakalokuambia kwa kiasi gani. Lazima upige.

Kundi likihama zima zima huku likibaki dogo, hilo ni la darubini. Kundi likitawanyika, au likianza dogo na kupanuka kadiri unavyopiga, weka chini bisibisi na uchukue fimbo ya kusafishia.

Vifaa

Fimbo iwe ya kipande kimoja, ya chuma kilichovikwa plastiki au ya nyuzi za kaboni. Zile za alumini za vipande vitatu zinazokuja kwenye vikasha hupinda, viungo vyake hukwaruza, na alumini laini hunasa punje za mchanga na kuzigeuza kuwa msasa. Ongeza bomba la kuongozea fimbo linaloingia mahali pa bolti. Bila hilo fimbo hulalia koo la mtutu na kulila upande mmoja. Brashi mbili: ya bronzi kwa masizi, ya nailoni kwa dawa ya shaba. Kichwa cha fimbo cha kusukumia kitambaa kiwe cha plastiki au kilichopakwa nikeli, sababu utaiona mbele.

Vitambaa huna haja ya kuagiza nje. Kitambaa cha marekani cha pamba tupu kutoka maduka ya Kariakoo, kikishafuliwa ili wanga utoke, kinafaa kabisa. Flana kuukuu ya pamba pia. Kata miraba ya sentimita 3 kwa .22, sentimita 4.5 kwa .30, na karibu 6 kwa .375. Kitambaa kiingie kwa kubana kidogo. Kikihitaji kupigwa kwa kiganja, ni kikubwa. Kipunguze kabla hakijakwama katikati. Vitambaa vyenye polista haviuvuti unyevu, viache.

Dawa ni mbili, si moja: ya masizi, na ya shaba, ambayo mara nyingi ina amonia. Kuna mazoea ya mtaani yanayopaswa kuachwa. Mafuta ya taa hulainisha masizi lakini hayagusi shaba hata ukiloweka usiku kucha. Mafuta ya nazi huganda penye baridi. Stiliwaya ya kusugulia sufuria haitakiwi kuingia mtutuni kamwe. Na dawa yenye amonia isikutane na Jik au bleach yoyote ile, iwe kwenye beseni, kwenye kitambaa au kwenye sinki: mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu ya mapafu. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, vaa glavu na miwani.

Kusafisha hadi chuma tupu

1. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa jicho kisha ipapase kwa kidole. Chomoa bolti. Risasi zote ziwe chumba kingine, siyo kwenye meza ileile.

2. Laza raifo mdomo ukiwa chini kidogo kuliko chemba, ili dawa isirudi kwenye kifyatulio na kwenye mbao za kitako. Ingiza bomba la kuongozea.

3. Sukuma vitambaa viwili vilivyolowa dawa ya masizi, kimoja kimoja, kutoka nyuma kwenda mbele. Kila kimoja kitoke mdomoni na ukiondoe kabla ya kurudisha fimbo. Ukikivuta kurudi nyuma unarudisha uchafu kwenye koo.

4. Brashi ya bronzi yenye dawa, kwenda na kurudi mara 10. Itoke yote mdomoni kabla ya kugeuza. Ukigeuza ikiwa ndani, nywele zake hupinda. Rudisha polepole, ili fimbo isigonge ukingo wa mdomo. Ukingo huo ndio sehemu ya mwisho kugusa risasi, na kovu dogo hapo hupotosha kila risasi. Acha dakika 10, kisha pitisha vitambaa vikavu mpaka weusi ugeuke kijivu hafifu.

5. Kausha kabisa. Sasa paka dawa ya shaba kwa brashi ya nailoni na usubiri kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa dawa nyingi ni kati ya dakika 5 na 15. Usizidishe. Dawa kali za amonia zikiachwa usiku kucha zinaweza kushambulia chuma.

6. Pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na buluu au kijani, hiyo ni shaba iliyoyeyuka. Rudia hatua ya 5 mpaka kitoke cheupe. Mtutu laini hukubali baada ya mizunguko miwili au mitatu. Mtutu wa zamani wenye vishimo unaweza kukuweka hapo siku nzima, na ni afadhali kumaliza kesho kuliko kuongeza dawa kali.

7. Buluu ikigoma kuisha, kishuku kifaa chako. Kichwa cha fimbo cha shaba njano na brashi ya bronzi huyeyuka kwenye dawa hiyohiyo na kutia kitambaa rangi. Ndiyo maana tulisema plastiki au nikeli.

8. Futa mabaki ya dawa ya shaba kwa vitambaa viwili vya dawa ya masizi, kisha vikavu vitatu. Kausha na chemba. Kama hupigi leo, pitisha kitambaa kimoja chenye matone mawili ya mafuta ya bunduki.

Kagua kwa tochi ndogo kwenye mdomo, ukiielekeza kwa mshazari. Shaba iliyobaki huonekana kama mistari ya rangi ya waya wa umeme uliochunwa sasa hivi. Masizi magumu ya kwenye koo hayaonekani kirahisi hivyo. Dalili yake ni pete nyeusi mbele ya chemba na fimbo kushtuka kidogo ikipita hapo. Loweka sehemu hiyo peke yake kwa dawa ya masizi dakika 15, halafu isugue kwa brashi kwa mwendo mfupi. Pete hiyo ikinenepa huibana shingo ya ganda na kupandisha presha, kwa hiyo usiiruke.

Usafi wa namna hii ni kwa siku ya kubadili risasi, au raifo inapoanza kutawanya. Raifo inayolenga vizuri kwa risasi ileile haihitaji kuvuliwa shaba kila mara. Ondoa masizi, kausha, paka mafuta. Mitutu mingi huharibiwa na fimbo mbaya kuliko na baruti.

Kuutuliza mtutu kwa risasi mpya

Mtutu uliovuliwa haulengi vizuri papo hapo. Risasi za kwanza ndizo zinazoujengea ngozi mpya, na hutua mahali tofauti na zile za baadaye. Kwa vichwa vyenye gamba la kawaida tarajia risasi 3 hadi 10; shaba tupu, 5 hadi 15; .22 yenye nta, 10 hadi 30 na pengine zaidi. Mtutu uliosuguliwa kwa mkono na viwanda vizuri hutulia mapema, ule wenye alama za mashine hukawia.

Andaa risasi 30 za namba moja ya toleo, ile iliyochapwa kwenye ubavu au mfuniko wa boksi. Kabla ya risasi ya kwanza pitisha kitambaa kikavu mtutuni na chemba. Mafuta ndani ya mtutu huipeleka risasi ya kwanza kusikojulikana, na mengi yakituama yanaweza kuuvimbisha mtutu. Mafuta kwenye chemba huzuia ganda lisishike kuta zake, mzigo wote ukaangukia bolti.

Tumia mifuko ya mchanga mbele na nyuma, mbao ikilala juu ya mfuko. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga risasi 5 za kutuliza kwenye karatasi moja (ongeza kama aina yako inahitaji zaidi), na uandike namba kando ya kila tundu: 1, 2, 3, 4, 5. Namba hizo zina thamani kubwa. Zitakuonyesha risasi ya ngapi ndiyo iliyoanza kukaa na wenzake, na risasi ya kwanza ya mtutu safi ilikwenda wapi. Kwa mwindaji hilo la pili ni zito kuliko ukubwa wa kundi, kwa kuwa mnyama hupigwa kwa risasi ya kwanza.

Kisha piga makundi matatu ya risasi tatu tatu, kila moja kwenye karatasi yake. Baada ya kila kundi fungua bolti, weka raifo kivulini ikisimama, na ungoje mpaka uweze kuushika mtutu bila kukunja uso. Kwa mtutu mwembamba wa kuwindia, jua la saa sita la Dar likiwa juu, hiyo ni dakika 15 au zaidi. Nenda uwanjani saa moja asubuhi. Utapata upepo mdogo, mtutu baridi, na hewa isiyochezacheza mbele ya darubini.

Kundi moja la risasi tatu si ushahidi. Risasi mbaya inaweza kubahatisha kundi zuri mara moja. Makundi matatu yakifanana kwa ukubwa na mahali, hapo unajua.

Mwenye .375 au zaidi asipige zote 30 siku moja. Baada ya risasi 12 hadi 15 bega huanza kuogopa teke, kidole kinavuta kifyatulio kwa pupa, na kundi unalopima ni la woga wako. Gawa kazi mara mbili.

Sasa seti darubini. Ile ya robo ya dakika ya pembe husogea milimita 7 kwa kila mlio wa kitufe kwa mita 100. Ile ya mil 0.1, mil ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya umbali, husogea milimita 10. Pima kutoka katikati ya kundi, siyo kutoka tundu moja unalolipenda. Tuseme katikati ya kundi ni sentimita 6 chini na sentimita 3 kulia: kwa darubini ya robo dakika ni milio 8 kupandisha na 4 kwenda kushoto. Piga tatu nyingine kuthibitisha, halafu andika.

Laini na ngumu kwenye magazini moja

Mwindaji wa nyati mara nyingi hupanga risasi ya kichwa laini (kinachotanuka kikigonga) kwanza, ngumu (zisizotanuka) zinafuata. Hapo hakuna nafasi ya kusafisha kati ya aina moja na nyingine, na ushauri wote wa kuvua ngozi haufai. Kinachofaa ni kupima mchanganyiko wenyewe. Safisha mtutu, utulize kwa zile laini, kisha kwa mita 50 piga laini moja na ngumu mbili kwa mpangilio uleule wa magazini. Rudia mara tatu, mtutu ukipoa katikati. Matundu yote tisa yakikaa ndani ya sentimita 8, mchanganyiko huo unafaa kwa umbali ambao nyati hupigwa. Ngumu zikienda peke yake sentimita 10 pembeni, badili uzito au kiwanda cha mojawapo mpaka zipatane. Vichwa vigumu vya kisasa vingi ni vya shaba njano na vina mikanda au mifereji. Vya zamani vilikuwa na gamba nene la chuma. Usidhani vitatua pamoja kwa sababu tu uzito wake ni mmoja.

Makosa na chanzo chake

Risasi ya kwanza iko mbali, zilizobaki ziko pamoja: mafuta, au mtutu safi usiotulia. Hiyo si kazi ya darubini.

Kundi ni zuri kwa risasi 15, kisha linapanuka taratibu: shaba inajikusanya. Hesabu ni risasi ngapi mtutu unavumilia na usafishe kabla ya kufika hapo.

Makundi mawili madogo kwenye karatasi moja: tazama kwanza skrubu za vishikio vya darubini na za kitako. Zikiwa zimekaza, angalia kama hukuchanganya namba mbili za toleo.

Matundu marefu kama yai badala ya duara: kichwa kinapepesuka kwa sababu michirizi haikizungushi kwa kasi ya kutosha. Hutokea unapochukua kichwa kirefu cha shaba tupu kwenye mtutu unaozungusha mara moja kwa inchi 12. Rudi kwenye uzito mdogo, usafi hautasaidia.

Bolti inakuwa nzito kufungua, au kiwashio kimelalishwa bapa na kujaza kingo zake: acha kupiga hapo hapo. Ni presha. Inaweza kuwa pete ya masizi, mafuta kwenye chemba, au risasi zilizookwa na jua. Boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupata joto kali, na baruti yenye joto huwaka kwa presha kubwa zaidi. Risasi zikae kwenye boksi la baridi lisilo na barafu, sakafuni mwa gari, kivulini.

Kuhusu .22: usiivue kila unapobadili boksi. Mtutu wake hupenda nta ya risasi uliyoizoesha. Badili aina, piga 20 au 30, ndipo uanze kupima. Koo ndilo la kuangalia, hasa kama mtu alikuwa akipigia .22 Short kwenye chemba ya Long Rifle, kwa sababu huacha pete mahali shingo ya Long Rifle inapokaa.

Hewa ya bahari

Chuma kilichogusana na shaba penye unyevu wa chumvi hugeuka kuwa upande unaoliwa. Shaba hubaki nzima, chuma kilicho chini yake huoza. Mtu huona mtutu unang'aa kumbe ni utando unaong'aa, na siku anapobadili risasi na kuuvua ndipo anakuta vishimo. Masizi nayo hunyonya unyevu kama chumvi ya mezani. Kwa hiyo hapa Dar raifo isilale na uchafu: siku iliyopigwa ndiyo siku ya kusafisha masizi na kupaka mafuta, hata kama shaba utaivua baadaye.

Risasi za kijeshi za zamani, hasa .303 na 7.62×54R, zinaweza kuwa na viwashio vyenye klorati ya potasiamu. Vinaacha chumvi halisi mtutuni, na mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayeyusha. Toa bolti, weka faneli kwenye chemba, pitisha lita moja ya maji yanayochemka yatokee mdomoni, kausha kwa vitambaa, ndipo usafishe kama kawaida. Joto la chuma litasaidia kukausha mabaki.

Usihifadhi raifo ndani ya ala ya ngozi wala begi lenye sponji, maana vyote hushika unyevu. Iwe kwenye kabati la chuma lililofungwa, pamoja na pakiti za silika zinazokaushwa au kubadilishwa. Kagua kila wiki mbili wakati wa masika, kila mwezi nyakati nyingine. Ukiitoa chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, hewa ya joto hugeuka umande juu ya chuma baridi, ndani ya mtutu pia. Iache kwenye begi lake mpaka joto lilingane, kisha uifute.

Daftari na siku ya safari

Andika tarehe, kiwanda, uzito wa kichwa, namba ya toleo, idadi ya risasi tangu usafi wa mwisho, mahali ilipotua ya kwanza, mahali kundi lilipokaa, na milio ya darubini kwa kila aina. Aina mbili kwenye ukurasa mmoja huleta mkanganyiko, kwa hiyo kila moja iwe na ukurasa wake.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai 1. Ukisafiri kutoka Dar, mtutu usafiri umeondolewa masizi, bila kuvuliwa shaba iliyotulia, na wenye mafuta kidogo, kwa sababu ya chumvi ile ile. Ukifika kambini, futa mafuta, na kwa idhini ya askari wa wanyamapori anayekusimamia piga risasi tatu za aina utakayowindia kwa mita 100. Mbili za kwanza ni za kuutuliza mtutu. Ya tatu ifananishe na daftari: ikitua ilipoandikwa, barabara haikuigusa darubini. Ikitua kwingine, poza mtutu, piga kundi zima, na usiguse kitufe mpaka uone kama ni kuhama au ni kutawanyika.